Nyuso Kwenye Nguzo za Taa

Machi 3

Theluji tena. Nimeenda shuleni nimekunja uso na nimerudi nimeukunja zaidi. Leo nimewatangazia watoto wa mwaka wa nne insha kubwa, na kama kila mwaka wamenitazama kana kwamba nimewaletea habari ya msiba. Kurasa nane, kwa maneno yako mwenyewe, halafu unasimama mbele ya watu watatu wa mjini unaisoma kwa sauti. Asiyeileta hafaulu Kiingereza, na asiyefaulu Kiingereza miaka yote minne hapati cheti cha sekondari, hata kama hesabu anazimeza kama maji. Mwalimu wa Kiingereza wa mwaka wa nne ni mimi peke yangu, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia.

"Bi Hruska, kurasa nane za nini?" akauliza Colt Brauer kutoka nyuma.

"Za kukuudhi wewe," nikamwambia.

Wakacheka. Kendra Kovar hakucheka kwa sababu alikuwa amelala juu ya dawati, kofia ya sufu kichwani, nyasi kavu kwenye nywele.

Machi 5

Upepo mtupu. Nimekula supu ya juzi.

Machi 10

Kendra hajaja tangu Jumatatu iliyopita. Najua alipo. Barabara yangu ya kwenda shuleni inapita shambani kwao, na asubuhi hii taa za banda zilikuwa zinawaka. Banda lenyewe lina ubavu mrefu mweupe unaotazama barabara, huwezi kupita usiuone. Baba yake, Roy, alipigwa na fahali Januari akavunjika nyonga. Mama aliondoka zamani akaolewa kwingine. Huu ndio msimu wa ng'ombe kuzaa na mtoto ndiye anayezalisha kundi zima.

Yote hayo nayajua, na kutokuja bado ni kutokuja. Hapa nina insha yake ya Februari. Inasema: "Ng'ombe huzaa wakati wa baridi. Ni kazi ngumu. Inachosha. Mwisho." Niliandika chini yake kwa wino mwekundu: Huu si mwisho, huu ni uvivu.

Machi 17

Leo amekuja. Kengele ilipolia nikamwambia abaki.

"Mwalimu, nina ndama."

"Ndama atasubiri."

"Ndama hawasubiri, Mwalimu. Wangekuwa wanasubiri ningekuwa nalala."

Nikamwuliza insha yake itahusu nini. Akasema hajui. Nikamwuliza basi jana alifanya nini, nikitegemea kusikia "kazi" na bega kupandishwa. Akakaa juu ya dawati la mbele, jambo ambalo nalikataza, akaanza.

"Jana mtamba mmoja alikuwa anazaa, ndama kageuka, matako mbele. Daktari wa mifugo hawezi kufika, barabara imeziba. Baba akaja na magongo yake mpaka mlangoni, kupiga magoti hawezi. Akawa ananiambia kwa mdomo tu: ingiza mkono, sukuma kwanza, usivute, ukivuta umewaua wote wawili. Nikasukuma. Akasema tafuta kwato, zifunike na kiganja zisimchane mama yake. Nikazipata. Mwalimu, kule ndani kuna joto, we! Mwili mzima nimeganda, mkono peke yake unaota moto. Nikatamani nisiutoe."

"Akatoka mzima?"

"Katoka kama taulo lililolowa. Baba akasema mwache, huyo keshaenda. Nikasema mimi sijamaliza. Nikampulizia puani, nikamsugua na gunia, nikamtukana matusi ambayo siwezi kukuambia."

"Na?"

"Leo asubuhi ananyonya."

Nimefundisha miaka mingi na nilikuwa nimesahau kwamba darasani mtu anaweza kunifanya nishike pumzi. Nikamwambia aandike hilo, hivyo hivyo anavyosema, bila kupamba. Asome vitabu viwili vya mifugo, na baba yake amweke kama chanzo cha tatu.

"Baba anaruhusiwa kuwa chanzo?"

"Akisema kweli, anaruhusiwa."

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Akaniambia chuo cha mifugo kimempa nafasi ya kusomea usaidizi wa daktari, masomo yanaanza Agosti. Hakuna kingine wanachomdai. Wanataka cheti cha sekondari tu.

Machi 28

Matope. Gari limekwama nje ya posta na Roy Kovar amepita na lori lake akanivuta, magongo yapo kitini pembeni yake. Hakutaka asante. "Kendra anaandika," akasema. "Ananiuliza maswali kama polisi." Nikafurahi njia nzima.

Aprili 6

Leo wametundika mabango. Kila mwaka kamati ya akina mama inachapisha picha za watoto wanaomaliza na kuzitundika kwenye nguzo za taa za barabara kuu, kila mtoto na nguzo yake, jina chini kwa herufi kubwa. Na kila mwaka nasema jambo lilelile: tunatundika nyuso Aprili, alama zinatoka Mei. Nimemwambia tena mkuu wa shule, Dale Eckhart, aliyekuwa ameshikilia ngazi.

"Lorna, waache watu wafurahi."

"Mtoto akifeli je? Utamshusha mchana au usiku?"

"Hajawahi kufeli mtu."

"Kwa sababu hujawahi kuniruhusu nimfelishe mtu."

Akacheka, mimi sikucheka. Mwaka jana watatu waliniletea insha zilizotungwa na kompyuta yenyewe, si na wao. Nilizisoma, nikazisifu mbele ya darasa, na nikaja kusikia kwa watu wa duka la mbegu jinsi watoto walivyokuwa wananicheka. Niliapa hainipati tena.

Bango la Kendra liko mbele ya benki. Amebeba ndama, na ile kofia.

Aprili 15

Dhoruba ya theluji, katikati ya Aprili. Shule imefungwa. Wanasema mashamba ya kaskazini yamepoteza ndama wengi.

Aprili 16

Bado imefungwa.

Aprili 24

Leo ilikuwa siku ya kuleta insha. Kendra ameileta saa ya mwisho, anakimbia, ananuka dawa ya vidonda, macho mekundu. Ameiweka mezani kwa mikono miwili. "Nimejitahidi, Mwalimu," akasema, na kabla sijajibu alikuwa ameshatoka.

Aprili 26

Nimeisoma mara tatu.

Ni nzuri mno. Dhoruba ya juzi yote imo, ndama waliokufa wakipangwa ukutani, baba akihesabu kwa sauti kisha akiacha kuhesabu. Hakuna neno lililozidi. Na kwenye ukurasa wa tano kuna hili: "Baba akiogopa simtazami usoni. Natazama mikono yake, kwa sababu uso hujifunza kudanganya mapema kuliko mikono."

Nimelizungushia hilo wino mwekundu. Mtoto wa miaka kumi na minane haandiki hivyo. Mtoto aliyeandika "Inachosha. Mwisho" mwezi Februari haandiki hivyo mwezi Aprili akiwa hapati usingizi. Nikaiweka kwenye chombo cha shule cha kukagua kama insha imetungwa na mtu au na kompyuta, na chombo kikasema karibu yote ni kazi ya kompyuta. Nikakaa jikoni nikiitazama. Nilitaka sana iwe yake, na ndiyo sababu sijiamini. Mwaka jana pia nilitaka.

Aprili 28

Nimemwita baada ya masomo. Nataka niyaandike yalivyokuwa.

Nilimwonyesha karatasi ya ule ukaguzi. Aliisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari, kisha akaiweka chini.

"Sikutumia kompyuta. Niliiandika kwenye simu, bandani, kati ya ng'ombe na ng'ombe. Halafu nikaichapa."

"Kendra, mimi si mjinga."

"Sijasema."

"Februari uliniandikia mistari minne."

"Februari hukuwa umeniambia niandike ninavyosema."

Hapo ningepaswa kuishia. Badala yake nikafungua ukurasa wa tano nikaweka kidole kwenye lile duara jekundu. Nikamwambia anieleze sentensi hii ameitoa wapi.

Akanitazama. Kwanza nilidhani anataka kucheka, kisha uso wake ukabadilika.

"Hukumbuki?"

"Nikumbuke nini?"

"Kweli hukumbuki?"

"Kendra, nimekuuliza umeitoa wapi."

Akachukua kofia yake akaivaa. "Basi," akasema.

"Basi nini?"

"Basi, Mwalimu. Kama hunijui, hunijui."

Nilimwambia asipojieleza naandika sifuri, na sifuri kwenye insha kubwa ni kufeli somo. Alikuwa ameshafika mlangoni. Mtu asiye na hatia hupigana, nilijiambia. Nimeandika sifuri nikiwa nimetulia kabisa. Chai niliyopika imepoa mezani bila kuguswa.

Mei 1

Eckhart kaniita, kafunga mlango.

"Lorna, yule mtoto kalea kundi zima peke yake."

"Sikuulizwa kuhusu kundi. Niliulizwa kuhusu Kiingereza."

Akatoa suluhisho lake. Kuna kozi ya fidia kwenye kompyuta, mtoto anakaa maktaba jioni, anabonyeza majibu, akikosea anabonyeza tena mpaka apate. Akimaliza anapewa Kiingereza chake kama aliyesoma mwaka mzima. Nikamwambia hiyo ni aibu. Akasema ni kanuni. Nikasema fanya utakavyo, jina langu lisiwemo.

Mei 2

Kendra kaikataa kozi. Eckhart mwenyewe ndiye aliyeniambia, akikuna kichwa.

"Kaniuliza hivi: nikabonyeze kwa kompyuta ili nionyeshe sikutumia kompyuta? Ungemjibu nini, Lorna?"

Nimesema tu ni kiburi.

Mei 5

Upepo. Mabango yanapiga nguzo usiku na mchana. Mtu wa benki analalamika kelele.

Mei 8

Anakuja darasani kila siku. Hakosi hata mara moja, sasa ambapo kuja hakumsaidii kitu. Anakaa, anafungua kitabu. Nikiuliza swali wenzake wanamtazama yeye kwanza. Colt Brauer haniulizi tena maswali ya kipuuzi, na nimegundua kwamba nilikuwa nayapenda.

Mei 12

Roy Kovar alikuja shuleni na magongo yake, ngazi zote zile. Sijawahi kumwona mtu mwenye adabu kama yeye na ningefurahi zaidi kama angenitukana.

"Mwalimu, aliisoma kwangu jikoni. Kipande kwa kipande. Mimi nikimwambia hapa umekosea, yule ng'ombe alikuwa mwekundu."

"Bwana Kovar, kumsomea mtu hakumaanishi—"

"Najua sikusoma sana. Lakini sauti ya mwanangu naijua."

Nilimweleza kuhusu chombo cha ukaguzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia. "Basi mashine ndiyo inajua," akasema. Niliwasikia watoto wakimsaidia kushuka ngazi.

Baada ya hapo nilitoa insha nikaisoma tena. Humo yule ng'ombe ni mwekundu. Nikajisemea baba yeyote angemtetea mwanawe, nikairudisha kwenye droo.

Mei 14

Mvua. Wameanza kupanda mahindi kwa kuchelewa. Kamati ya akina mama imeuliza kama bango la mbele ya benki lishushwe. Eckhart kasema liachwe. Hakunitazama aliposema.

Mei 18

Mahafali yalikuwa leo, ukumbi wa michezo, joto la kufa mtu. Kinyume na desturi watoto wenyewe walipanga viti vyao, na katika safu ya mbele, kwa mpangilio wa alfabeti, waliacha pengo kati ya Klein na Lund, la upana wa kiti kimoja, pale ambapo Kovar angekaa. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Nilikaa na walimu nikashikilia karatasi ya ratiba ya mahafali nikijipepea nayo.

Watoto walikuwa wamemchagua Colt Brauer awasemee. Alipanda na karatasi, akaitazama, akaikunja.

"Naogopa," akasema. Watu wakacheka. "Kweli naogopa. Lakini Septemba, wiki ya kwanza, Bi Hruska alituambia kitu. Tulikuwa tunabishana mtu kwenye hadithi anasema uongo au kweli. Akasimama pale dirishani, akatuambia: Mtu akiogopa msimtazame usoni, tazameni mikono yake, kwa sababu uso hujifunza kudanganya mapema kuliko mikono. Sisi tuliiandika wote. Mpaka leo tunaambiana hivyo kwenye basi la michezo. Kwa hiyo leo msitutazame usoni."

Akainua mikono. Ilikuwa inatetemeka. Na safu nzima ya mbele ikainua mikono, majoho yakateleza mpaka kwenye viwiko, wazazi wakacheka na kupiga makofi, na baadhi yao wakanigeukia mimi kunipongeza.

Sikumbuki kuisema. Hata sasa nikijaribu, naona tu dirisha na siku ya Septemba, siisikii sauti yangu. Nasema mengi darasani. Nilidhani hayaendi popote, nimewahi kulalamika kwa sauti kwamba nawafundisha ukuta. Mtoto mmoja aliyafikisha nyumbani, akayafikisha bandani, akayaweka mahali pake hasa, juu ya mikono ya baba yake, na mimi nikayazungushia wino mwekundu kama wizi.

"Hukumbuki?" aliniuliza. Alikuwa ananipa mlango nitoke.

Mwenzangu wa hesabu alinishika mkono akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia ni joto. Nilikaa mpaka mwisho, majina yote, na walipomwita Lund mara baada ya Klein nikaangalia lile pengo.

Mei 20

Saa za asubuhi nilikuwa ofisini kwa Eckhart kabla hajavua koti. Nikamwambia abadilishe alama. Aliniuliza sababu, nikamwambia nimekosea, na ilibidi niirudie kwa sababu mara ya kwanza haikutoka vizuri. Hakunisimanga. Alibadilisha pale pale, akachapisha cheti, akakitia kwenye jalada la bluu la vyeti.

"Mpelekee wewe," akasema.

Nilinunua kolachi, vile vimkate vitamu vya tufaha, kwa mwoka mikate, kana kwamba naenda kumwona mgonjwa. Roy alinifungulia, hakuniambia nikae wala hakuniambia niondoke.

"Hayupo."

"Anarudi saa ngapi?"

"Kaondoka Jumapili. Wenzake wanavaa majoho, yeye anapakia lori. Kapata kazi Kansas, kwenye yadi ya kunenepesha ng'ombe."

Nikamwonyesha jalada. Nikamwambia kila kitu, sentensi, Septemba, Colt, mikono. Nililia, na sikuwa nimepanga kulia mbele ya mtu huyu.

"Na chuo je? Agosti bado, Bwana Kovar. Nitawapigia mwenyewe."

"Alishawapigia yeye, wiki mbili zilizopita. Kawaambia wampe nafasi mwingine asiye mwizi." Alilisema bila kupandisha sauti. "Ndivyo alivyowaambia. Nilikuwa nimekaa hapa."

Nikamwomba basi nimpigie Kendra.

"Mpigie. Hatapokea. Ni kama mimi."

Kolachi alizipokea kwa kuwa ni mtu mwenye adabu. Cheti alinirudishia.

Mei 23

Nimepiga. Hapokei. Chuo wanasema nafasi imeshajazwa, aombe tena mwakani.

Mei 26

Nimemwandikia ujumbe, mrefu, nikaufuta. Nimeandika mfupi: Ilikuwa yako, nimekosea, samahani. Umefika. Hajajibu.

Juni 4

Wameshusha mabango. Kila familia imekuja kuchukua lake, wengine wanayatundika gereji, wengine wanawafunikia kuku. Mtu wa benki anasema la Kendra lilichukuliwa na baba yake, alishuka kwenye lori na magongo yake akakataa kusaidiwa ngazi. Watu walimtazama kwa hofu mpaka alipokanyaga chini.

Juni 7

Nilikuwa natoka dukani. Mahindi yamefika magotini, jua kali, dirisha liko wazi. Nikapinda kona ya Kovar nikamwona.

Roy amelitundika lile bango kwenye ule ubavu mweupe wa banda, katikati, juu kabisa, amelipigilia misumari pande zote ili upepo usilishike. Kendra, kofia, ndama, jina kwa herufi kubwa. Linatazama barabara. Kwenye barabara hiyo hakuna anayeishi mbele yao ila mimi.

Juni 8

Mvua ya mawe. Bango halikuchanika.

Julai 19

Nimepiga tena. Hapokei.

Agosti 14

Shule imefunguliwa. Watoto wapya wa mwaka wa nne, nyuso ngeni zinazojifanya za wakubwa. Eckhart kaniambia, kwa upole, kwamba nikitaka kuliepuka banda la Kovar kuna njia ya kuzunguka kupitia darajani, inaongeza dakika chache tu, hakuna atakayejua.

Naijua njia hiyo. Asubuhi nilipita ya zamani. Nilipunguza mwendo pale kwenye banda na safari hii sikuutazama uso wake. Niliitazama mikono, namna alivyomshika yule ndama, mmoja chini ya kifua na mwingine umefunika kwato ili zisimchane mtu.